Kopo Chini ya Kigae

6 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuruhusu kunyanyuka asubuhi bila kushika ukuta, na kwamba masikio hayajazidi kuharibika. Mimi naendelea vizuri. Kidonda kimefunga, na wiki iliyopita nilirudi kupanda kreni. Nilipofika juu wenzangu wa uwanja wa ujenzi walinipigia makofi, nikawapungia mkono kwa madaha yote.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na jambo hili sitaki kumwambia jirani ili yeye aje akupigie kelele mlangoni mtaa mzima usikie.

Unakumbuka nilivyokuja likizo nikashikwa na tumbo, ukanikimbiza hospitali, wakanipasua wakatoa kidole tumbo. Waliniambia nimepona, niende zangu. Sasa daktari wa hapa kazini ameisoma karatasi niliyotoka nayo huko, akakunja uso. Imeandikwa kwamba kile kidole tumbo kilikuwa kimevimba, kimejaa ute mzito, na kwamba kinapelekwa maabara kuchunguzwa. Akaniuliza majibu yako wapi. Nikamuuliza majibu gani. Baba, hakuna mtu hata mmoja aliyenitajia habari ya majibu.

Nimepiga simu hospitali siku nzima, wananirusha huku na huku kama mpira. Mwishowe mama mmoja akaniambia kwamba kile kidole tumbo kilitiwa kwenye kopo, na kopo alikabidhiwa ndugu wa mgonjwa alipeleke maabara, jengo la pili, na maabara hawajaliona mpaka leo. Ndugu wa mgonjwa siku ile ulikuwa wewe peke yako. Kopo ulilipeleka wapi?

Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao,
Kipanga


19 Februari

Mwanangu Kipanga,

Marahaba, marahaba sana. Magoti ni yale yale ya mtu aliyepiga magoti maisha yake yote akipanga vigae vya watu. Masikio yameliwa na mashine ya kukatia, hayo niliyasamehe zamani. Macho bado ni yangu: kigae kikipanda kumzidi mwenzake kwa unene wa ukucha, nakiona nikiwa mlangoni.

Nimefurahi kusikia umepanda tena. Wakiniuliza binti yako yuko wapi, nawaonyesha juu.

Kuhusu kopo, ondoa wasiwasi kabisa. Nililizika.

Ilikuwa hivi. Muuguzi alitoka mbio, kitambaa mdomoni, akanitia kopo mkononi, akasema maneno ambayo sikuyapata, akanionyesha mlango kwa kidevu, akarudi ndani. Nikatazama kile kilichokuwa ndani. Ulikuwa wewe. Kipande chako, kinene kama dole gumba langu, kinaelea. Nikasema haya, wamemtoa mwanangu nyama, sasa wananipa nikaiweke panapostahili. Baba gani angeiacha kwenye ndoo ya hospitali?

Nikaja nalo nyumbani. Nikachimba uani karibu na bomba, pale mama yako alipokuwa akikuogesha kwenye beseni ukimrushia maji. Nikamwaga zege juu, nikalaza pima maji, nikaweka kigae cha bluu, kile kimoja kilichobaki kwenye kazi ya bafu la mwalimu. Watu wakiuliza kwa nini ua wote ni wa kijivu na kigae kimoja ni cha bluu, nawaambia ni urembo. Wewe ulikuwa bado umelala na dawa ya usingizi. Ulipoamka nikaona nisikwambie, ungenicheka.

Kwa hiyo mwambie huyo daktari asikusumbue. Kila kitu kiko mahali pake, tena kimenyooka.

Baba yako,
Pimamaji


28 Februari

Baba,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi leo, maana ukinijibu kwamba u mzima nitazidi kuudhika.

Umezika jibu langu. Sijui nikueleze vipi uelewe, lakini nitajaribu kama daktari alivyonieleza mimi. Ute ule si wa ugonjwa wa kawaida wa kidole tumbo. Unatengenezwa na uvimbe, na uvimbe huo uko wa aina aina. Uko mpole, ambao ukitolewa mzima mzima mambo yamekwisha, mtu anaangaliwa tu kila baada ya muda. Na uko ambao umeshapenya ganda la kidole tumbo, ute wake umemwagika tumboni, na huko unaendelea kujizalisha taratibu bila kuuma, mpaka siku moja tumbo limejaa. Aina zote mbili kwa nje zinafanana. Anayeweza kutofautisha ni mtu wa maabara, akikikata kile kidole tumbo vipande vyembamba na kuviangalia kwenye darubini. Kile kidole tumbo, baba. Kilicho chini ya kigae chako cha bluu.

Wamenipiga picha ya tumbo kwa mashine kubwa. Haikuonyesha kitu, lakini daktari anasema picha haioni vitone vidogo. Kwa kuwa hajui tulichonacho, anaona salama ni kunipasua tena na kukata kipande cha utumbo mpana. Labda kwa faida. Labda ni bure tu. Hatutajua, kwa sababu nyama iliyokuwa na jibu umewapa wadudu.

Ulishindwa nini kusema sikusikia, rudia? Miaka yote hii ni hivyo hivyo. Mtu anaongea, wewe unatikisa kichwa, unakwenda kufanya unalolijua mwenyewe. Mama alikuwa akikwambia nenda kapimwe masikio, nalo ulilitikisia kichwa. Wewe hata ukikabidhiwa bomu utalizika vizuri na kulilazia pima maji.

Nina hasira nawe ambazo sijawahi kuwa nazo.

Kipanga


12 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa imeuma meno.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nimesimama. Kwanza, wadudu gani? Unadhani nilikumwaga shimoni kama makombo? Kifuniko sikukigusa. Nilikikuta kimekazwa na maji yake ndani, nikasema mimi si mtu wa kumfungua mwanangu. Nikakizungushia utepe ule tunaofungia maungio ya mabomba, nikalitia kopo kwenye nailoni nzito, nikafunga, ndipo nikalilaza. Hapo hapaingii hata unyevu. Kazi yangu unaijua.

Pili, mbona hasira zote umeniletea mimi? Hospitali umewaachia nini? Nyama ya mtu inatiwa mkononi mwa mzee kiziwi kama chenji ya dukani, akioneshwa mlango kwa kidevu! Kama kitu kile kilikuwa na uzito wote huo unaonieleza, maabara yao si iko ng'ambo ya ua? Walishindwa kuvuka ua? Na huyo aliyekupasua aliuona ule ute kwa macho yake, akausogeza kwa mikono yake, halafu akaja kitandani akakwambia umepona. Hakusema kuna jibu tunalingojea. Hakumwambia mgonjwa wala hakumwambia baba wa mgonjwa. Mimi nikimpangia mtu bafu nikaona bomba linavuja ukutani, namwambia, hata kama atakasirika. Hao wamesoma mpaka wamevaa miwani, na neno moja limewashinda.

Na mama yako muache apumzike. Masikio yangu hayahusiani na yeye.

Adabu ikirudi, niandikie.

Baba yako


23 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na ya leo imetoka moyoni. Soma polepole, tena ukiwa umekaa.

Nilimsomea daktari barua yako. Nilikuwa namsomea ili tukusengenye, nakiri. Nilipofika pale ulipoandika kwamba kifuniko hukukigusa, akasimama. Akaniuliza: kopo halikufunguliwa? Na yale maji yamo? Nikamwambia baba yangu akisema hapaingii unyevu, basi hapaingii. Akacheka mpaka akavua miwani.

Baba, yale si maji. Ni dawa ya kuhifadhi. Nyama iliyomo ndani yake haiozi. Kama kopo halijavuja, kidole tumbo changu kiko vile vile kilivyotoka, na maabara wanaweza kukichunguza hata leo.

Lichimbue. Usilifungue, usilioshe, lipangusie udongo tu. Lipeleke jengo la pili, wala usimpe mtu mwingine yeyote akupelekee. Jina langu liko kwenye lebo ubavuni.

Uliyoyasema juu ya hospitali ni kweli yote, na mimi nilipaswa kuwakasirikia wao kabla ya kukukasirikia wewe. Najua bado umenuna. Nuna, lakini nuna ukiwa unachimba.

Mwanao,
Kipanga


24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwezi umekwisha na jibu sijaliona. Nilimpigia jirani, akasema amekuona ukitoka kila asubuhi umevaa shati la pasi, na jioni ukirudi hutaki maneno. Kwa hiyo u mzima, na una kazi, na una nguvu za kupiga pasi. Kilichokosekana ni nia.

Nimekuelewa. Nilikutukana, na wewe ukiudhiwa unakaa na udhia wako mpaka uote mizizi. Lakini nilifikiri mara hii ungetazama ni nani anayekatwa.

Daktari hawezi kungoja zaidi. Amenipangia upasuaji tarehe kumi na nne ya mwezi ujao. Nikitoka hapo, sitapanda ngazi miezi mingi, na mkuu wa uwanja ameshaniambia kreni haitakaa bila mtu. Nitapewa kazi ya kufagia chini ya kreni yangu mwenyewe nikimtazama mwenzangu juu. Hilo ningelivumilia kama ningejua nakatwa kwa sababu. Linaloniuma ni kwamba jibu lipo, liko kina cha mkono mmoja chini ya ua wa baba yangu, na baba yangu anaona kigae kitaharibika.

Sitakuandikia tena kuhusu hili.

Kipanga


2 Mei

Kipanga,

Marahaba. Barua hii nampa dereva wa lori la vigae anayekuja huko, maana posta ingetembea na tarehe kumi na nne ikafika kabla yake. Usiisome juu ya kreni. Shuka kwanza.

Ndani kuna karatasi ya maabara. Kabla hujaifungua, nisikilize, kwa sababu umenisema vibaya na sasa ni zamu yangu.

Barua yako ya kuchimba ilifika asubuhi. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshavunja. Sikununa. Nilitafuta tindo, nyundo ilikuwa karibu, nikapiga. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile. Zege langu liligoma, kila nikipiga linarudisha tindo, nami nalitukana kama vile limewekwa na mtu mwingine. Nililia kidogo pia, nakwambia. Nilikuwa naogopa nitalikuta limepasuka kwa nyundo yangu mwenyewe. Nikaishia kukwangua kwa mwiko na vidole. Limetoka zima. Kopo halikuwa na hata jasho.

Nikavaa shati la pasi nikaenda. Jengo la pili. Kijana wa dirishani akatazama lile kopo, akaona udongo, akasema mengi. Halina fomu, limechelewa, aliyelileta ni nani, nirudi kwa daktari aliyepasua. Daktari aliyepasua amehama. Nirudi kwa aliyekaa mahali pake. Huyo naye akasema hilo halimhusu, niende maabara. Wangenizungusha hivyo mpaka nife, na mimi ni mtu ninayetembea kwa magoti mabovu.

Basi nikaona dawa yao ni moja. Nikakaa kwenye benchi la maabara, kopo mapajani, na uziwi wangu ukanifaa kwa mara ya kwanza tangu niupate. Kila aliyekuja kuniambia niondoke nilimjibu, "Ahsante sana, nitasubiri." Wakipandisha sauti, naitikia kwa kichwa, vile usivyopenda wewe. Kesho yake nikarudi. Na siku iliyofuata. Ndiyo hayo mashati ya pasi aliyoyaona jirani. Kukuandikia ningekuandikia nini, kwamba nimekaa?

Mwishowe akatoka mkuu wao, mama wa makamo. Aliinama mbele yangu, akaniangalia usoni, akaongea polepole nimwone midomo. Akaniuliza, "Mzee, hapo umebeba nini?"

Nikamwambia, "Nimembeba binti yangu, na watu wako wananiambia hana fomu."

Nikamsimulia yote, kopo, kidevu cha muuguzi, kigae. Akaliinua kopo kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza. Hakucheka. Akamwita yule kijana na wengine wawili, akawaambia maneno ambayo sikuyasikia lakini niliyaona yakiingia. Fomu akaiandika mwenyewe.

Juzi akanipa majibu, tena alikaa nami akanieleza. Uvimbe ulikuwa wa ile aina ya upole. Haukupenya ganda. Nje ya ganda hakuna ute. Na pale walipokatia, kingo ni safi, hawakubakiza kitu. Akasema kilichotakiwa kukatwa kilishakatwa, hakuna haja ya kukugusa utumbo, ila uangaliwe, picha na damu, kila mwaka, kwa miaka mitano. Namba ya daktari wako nimempa waongee wenyewe, asije akasema karatasi nimeiandika mimi.

Sasa nikwambie jambo moja la kazi. Bomba likipita chini ya sakafu, fundi mwenye akili haweki kigae siku ile ile. Anafungua maji, anaacha yapite, anakaa anaangalia kwenye maungio siku kadhaa. Akiona pakavu, ndipo anafunika. Hilo nimewafundisha vijana wangapi, na mwanangu nikamfunika kabla ya kuangalia. Hospitali nao walikufunika. Tofauti ni kwamba wao si baba yako.

Baba yako,
Pimamaji


12 Mei

Baba,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya kuweka akiba.

Hawanikati. Daktari aliisoma karatasi, akampigia yule mama wa maabara, wakaongea muda mrefu nikiwa nimekaa pale. Alipokata simu akafuta tarehe yangu mbele ya macho yangu. Kesho napanda kreni.

Barua yangu ya mwezi uliopita ichome. Sikujua uko benchini. Nilikuwa nakuona umekaa uani, umevimba mashavu, unakilinda kigae. Nisamehe.

Mkuu wa uwanja nimemsimulia habari ya fomu mpaka naye akapiga meza. Kila ninayemsimulia anakasirika, na kila mmoja ana yake: shangazi yake aliambiwa nenda umepona, mjomba wake majibu yalipotea. Inaonekana tuko wengi.

Nitakwenda kuangaliwa kila mwaka, nakuahidi. Funga shimo lako sasa, upumzike.

Mwanao akupendaye,
Kipanga


Mwaka uliofuata, 20 Agosti

Kipanga,

Marahaba ya zile zote ulizonitumia. Hapa ni wazima.

Umeniandikia kuhusu kreni mpya yenye kiyoyozi. Umeniandikia kuhusu chumba ulichohamia na mwenye nyumba asiyependa redio. Umeniandikia kuhusu yule mchomeleaji vyuma anayekuletea chai, nami nimejifanya sikuona kwamba umemtaja mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Kuhusu tumbo hujaniandikia hata mstari.

Mwezi wa tano ulipita. Nikasema labda kuna foleni. Wa sita ukapita. Sasa ni wa nane. Umekwenda, au hukwenda?

Nakuuliza kwa sababu shimo sijalifunga. Uliniambia nilifunge, sikufunga. Nimelilazia kile kigae cha bluu juu bila saruji, kinacheza. Wateja wanakuja kunitafuta kwa kazi, wanakikanyaga, kinawayumbisha, wananiangalia. Fundi wa vigae ambaye ua wake mwenyewe una kigae kinachocheza! Juzi mmoja amekwenda kumpa kazi yule mpiga lipu wa barabara ya pili, mtu asiyejua pima maji inashikwa upande gani. Nimevumilia. Nilisema naangalia kwenye maungio, mwaka wa kwanza ukirudi mkavu nitajua.

Sasa niambie naangalia nini.

Baba yako


4 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sikwenda.

Usianze kupiga kelele, nisikilize. Mashine ya picha iko mji mwingine, inakula siku nzima, na hapa tuko kwenye jengo ambalo kila siku linatakiwa kupanda. Halafu sisikii chochote. Sina maumivu, nakula, suruali zangu ni zile zile. Kwenda kupimwa ukiwa mzima ni kama kumfungulia mlango mgeni ambaye hajabisha.

Hizo ndizo sababu ninazompa mkuu wa uwanja. Wewe nakupa ya kweli: naogopa. Mwaka jana nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira siogopi. Sasa hasira zimekwisha. Nikifikiria kulala kwenye ile mashine na mtu nyuma ya kioo akitazama ndani yangu, nakosa pumzi, mimi ninayekaa juu ya paa za watu kutwa nzima.

Funga hilo shimo, baba. Utapoteza kazi zote, na mtu atavunjika mguu.

Kipanga


15 Septemba

Kipanga,

Mimi niliogopa nikiwa na tindo mkononi, na nilipiga.

Nimetoboa sakafu yangu, nimekaa benchi, nimeitwa mzee msumbufu mbele ya watu, ili upate haki ya kuangaliwa. Hospitali walipokuacha bila kukuangalia ulinijaza kurasa za hasira. Sasa anayekuacha ni wewe. Nimkasirikie nani?

Barua nyingine yoyote sitaki. Za kreni sitaki, za mchomeleaji sitaki. Nataka moja tu, unaijua. Shimo liko wazi.

Baba yako


9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii utaifungua, maana ndiyo uliyoitaka.

Nimekwenda. Mchomeleaji alinisindikiza, akabeba mkoba wangu na akasinzia kwenye kiti mpaka nilipotoka. Picha ni safi. Damu ni safi. Daktari amesema hakuna ute popote, na kwa aina yangu ya uvimbe ana matumaini makubwa kwamba hautarudi, lakini hatanipa neno la mwisho leo. Nimemwambia sitalihitaji leo.

Kuna jambo lazima nikwambie, kwa sababu tangu siku ile silali vizuri kwa hasira. Kwenye benchi la kungojea nilikaa na mama mmoja mwenye tumbo kubwa. Nikampisha akae vizuri, nikamuuliza ana miezi mingapi. Akasema, "Si mimba, mwanangu. Ni ute."

Alitolewa kidole tumbo zamani, mtoto wake wa mwisho akiwa bado mgongoni. Wakamwambia amepona. Kopo lake hajui lilikwenda wapi, hakuna aliyemwambia lilikuwepo. Miaka ikapita, tumbo likaanza kujaa, ndugu zake wakampongeza, wakwe wakamletea nguo za mtoto. Sasa wanataka kumfungua kutwa nzima wamkwangue ute wote na kumwosha tumbo kwa dawa ya moto, na hawamuahidi kitu. Alinisimulia bila kupandisha sauti hata kidogo. Akaniuliza kopo langu lilichunguzwa vipi mapema hivyo. Nikamwambia baba yangu alilizika. Hakunielewa, nikamsimulia mpaka walipomwita, na mlangoni akageuka akasema, nisalimie huyo mzee.

Kwa hiyo unasalimiwa.

Ya mwaka kesho nimeshaiomba tarehe, imeandikwa, na mkuu wa uwanja nimemwambia siku hiyo kreni itasimama au atapanda mwenyewe. Miezi niliyochelewa daktari haihesabu, anaanzia picha hii, kwa hiyo bado miaka minne. Waambie wateja wako wakiruke kigae.

Shimo usilifunge.

Mwanao,
Kipanga